Asili ya Somo la Kwanza la Rangi za Maji

Mwanagenzi aingiapo kwa mara ya kwanza katika darasa la kuchora kwa rangi za maji, aghalabu hapewi ua wala sura ya mtu aichore. Hupewa karatasi iliyobandikwa juu ya ubao, rangi moja tu, brashi moja nene na mabakuli mawili ya maji, kisha huamriwa aifunike karatasi ile kwa utando mmoja wa rangi, ulio sawasawa toka ukingo wa juu hata ukingo wa chini, pasipo doa wala mstari. Wengi hulidharau somo hili, wakadhani kuwa ni kazi ya kupitishia wakati kabla ya uchoraji wenyewe kuanza. Lakini somo hilo dogo lina nasaba ndefu, na katika makala haya nataka kuifuatia nasaba hiyo mpaka kwa watu walioliasisi, kwani ni watu ambao wanahistoria wa sanaa wamezoea kuwataja kwa haraka, ilhali mimi naona kuwa wao hasa ndio walioijenga sanaa yenyewe. Nao ni walimu wa kuchora wa Uingereza, walioishi kwa ujira wa somo baada ya somo, baina ya miaka ya 1760 na miaka ya 1850.

Na tuliangalie kwanza somo lenyewe jinsi linavyofanywa, maana asiyewahi kuliona hawezi kufahamu kwa nini lilihitaji mwalimu. Karatasi hulowanishwa, hunyoshwa juu ya ubao na kubandikwa kingo zake kwa gundi, ili ikikauka ikaze kama ngozi ya ngoma. Ubao huinuliwa kidogo upande wa juu upate mteremko. Na rangi huyeyushwa kwa wingi katika kisahani, kwani ikiisha katikati ya kazi hapana njia ya kuipata nyingine iliyo sawa nayo. Kisha brashi hujazwa, ikapitishwa mara moja kutoka kushoto hata kulia, na maji ya rangi yakateremka na kukusanyika chini ya mpito ule, yakawa ukingo mnene unaong'aa. Mpito wa pili huugusa ukingo ule na kuuvuta chini, na wa tatu vivyo hivyo, mpaka mwisho wa karatasi, ambapo brashi iliyokamuliwa huyanyonya yaliyosalia. Mkono ukisita, rangi hukauka na kuacha mstari. Ukirudi nyuma kurekebisha, maji mabichi huisukuma rangi iliyokwisha kuanza kukauka, pakatokea doa lenye kingo za meno-meno lisilofutika. Achoraye kwa rangi za mafuta aweza kulifunika kosa lake kwa rangi nyeupe. Bali katika rangi za maji weupe ni karatasi yenyewe, na ukishaupoteza haurudi kwa wepesi. Ndiyo sababu mwanafunzi hufundishwa mapema kuuacha mwanga mahali pake kabla hajafundishwa kuchora chochote.

Rangi za maji ni za kale mno, wala Waingereza hawakuzibuni wao. Wamisri wa zama za Mafarao walichora kwa rangi za namna hiyo juu ya mafunjo. Waajemi na Wahindi walizipamba hati zao kwa picha ndogo zenye ustadi usiopatikana leo. Wachina walikuwa na ilimu ya wino na maji iliyoitangulia ya Ulaya kwa karne nyingi. Na Albrecht Dürer wa Nürnberg aliwachora wanyama na mandhari kwa rangi hizo zaidi ya miaka 200 kabla ya hao nitakaowataja. Walichokiunda Waingereza ni darasa, yaani utaratibu wa kumchukua mtu asiyejua kitu, ambaye si mwana wa mchoraji wala hakusudii kuishi kwa kuchora, na kumpitisha hatua kwa hatua hata akaweza kuitazama nchi iliyo mbele yake na kuiweka juu ya karatasi.

Darasa hilo lilianzia jeshini. Baada ya uasi wa Waskoti wa mwaka 1745 kuzimwa, serikali ya London ilitambua kwamba askari wake walikuwa wamepigana katika nchi isiyokuwa na ramani ya kutegemewa. Basi kuanzia mwaka 1747 hata mwaka 1755 milima na mabonde ya Uskoti yakapimwa na kuchorwa kwa amri ya jeshi. Miongoni mwa waliotumwa alikuwamo kijana wa Nottingham aitwaye Paul Sandby, aliyekuwa mchoraji mkuu wa kazi ile, na ambaye kwa saa zake za faragha aliwachora pia watu wa mitaani na magofu ya ngome. Mwaka 1768 ulimjia na heshima mbili: alikuwa mmoja wa waasisi wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa, na kadhalika aliteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa kuchora katika Chuo cha Kijeshi cha Kifalme kule Woolwich, kilichoanzishwa mwaka 1741 kwa ajili ya maofisa wa mizinga na wahandisi. Hapo Woolwich alidumu karibu miaka 30, na vijana waliopita mikononi mwake walitawanyika katika kila bara ambako Uingereza ilikuwa na bunduki.

Haja ya somo lile ilikuwa dhahiri. Zama hizo kamera haijabuniwa. Afisa aliyetumwa kupeleleza ngome ya adui au kivuko cha mto alikuwa hana budi kurudi na picha ya mahali penyewe, na picha ile ikikosea mwinuko wa kilima, watu wangekufa. Ramani nazo zilipakwa rangi kwa tando nyepesi zilizo sawasawa, na miteremko ya milima ikionyeshwa kwa wino uliozimuliwa maji, wenye kukoza kadiri mlima unavyosimama. Mimi naamini kwamba ule utando wa rangi moja anaopewa mwanagenzi wa leo ulitoka mezani kwa mchora ramani kabla haujaingia chumbani kwa mchora picha, na kwamba utulivu wake, yaani ile desturi ya kuitandaza rangi mara moja na kuiacha, ni nidhamu ya kazi ya ramani iliyokuja kuvaa nguo za sanaa. Sandby mwenyewe alikuwa daraja baina ya pande hizo mbili, maana aliyaacha milimani Uskoti mapimo yake lakini hakuuacha mkono wake.

Lakini nidhamu peke yake haifungui darasa. Panahitajika vifaa vinavyoweza kununuliwa na mtu wa kawaida. Hapo kwanza mchoraji alisaga rangi zake mwenyewe juu ya jiwe, akazichanganya na gundi ya mgunga, ile itokayo Kordofani na Senegali, na kazi hiyo ilimtaka awe na maarifa ya nusu ya mtabibu. Mwaka 1781 Chama cha Sanaa cha London kiliwatunuku ndugu wawili, William na Thomas Reeves, tuzo ya kibao cha fedha kwa vidonge vyao vya rangi, vilivyokuwa vikavu na vya kuchukulika, na vyenye kuyeyuka kwa urahisi vikisuguliwa kwenye maji. Tangu siku hizo sanduku dogo la mti lenye vidonge kadhaa liliweza kutiwa mkobani, na mwalimu akaweza kumwambia mwanafunzi wake aende dukani akalinunue. Karatasi nayo ilikuwa imekwisha kutengenezwa na James Whatman wa Maidstone, katika jimbo la Kent, na baada yake mwanawe wa jina lilo hilo: karatasi ya matambara ya kitani, laini isiyokuwa na alama za nyaya za chekeche, iliyochovywa katika ute wa ngozi za wanyama uliochemshwa, hata maji yakakaa juu yake kwa muda kabla hayajanywewa. Bila ya ute ule somo la utando haliwezekani, kwani rangi ingezama mahali ilipoguswa kwanza; na yeyote aliyewahi kujaribu somo hili juu ya karatasi ya daftari la shule anajua kwamba kosa halikuwa la mkono wake.

Wakati huo huo palikuwapo na mwalimu mmoja aliyeipinda njia, naye ni Alexander Cozens, mzaliwa wa St Petersburg, aliyefundisha katika shule ya Eton miaka ya 1760. Huyu aliona kuwa wanafunzi wake wana mikono lakini hawana mawazo, basi akawaamuru waache mistari, wamwage mabaka ya wino karatasini kwa haraka huku nyoyo zao zikikusudia mlima au ziwa, kisha watafute mandhari ndani ya mabaka yale. Na njia hiyo aliieleza katika kitabu alichokitoa takriban mwaka 1785. Walimdhihaki wenzake, lakini nionavyo mimi aligusa jambo ambalo utaratibu wa Woolwich haukuweza kulitoa, nalo ni kumwondolea mwanagenzi hofu ya karatasi tupu.

Sasa nimefika mahali ninapopapenda kupita vyote katika hadithi hii. Mwaka 1794 Dokta Thomas Monro, tabibu wa hospitali ya wenye maradhi ya akili ya Bethlem, alihamia katika nyumba namba 8 ya safu iitwayo Adelphi Terrace, iliyouelekea mto Thames, akaifanya nyumba yake kuwa darasa la usiku. Aliwakusanya vijana waliokuwa wakianza kazi, akawapa meza, mishumaa, michoro ya kunakili, chakula cha usiku na ujira kidogo. Wawili kati yao walikuwa wamezaliwa mwaka mmoja, 1775: Thomas Girtin na Joseph Mallord William Turner, ambaye baba yake alikuwa kinyozi. Walikwenda jioni saa kumi na mbili wakakaa mpaka saa nne za usiku, na kazi waliigawana: Girtin akichora mistari, na Turner akitandaza tando za kivuli na mwanga juu ya mistari ile. Hayo wao wenyewe walimsimulia mchoraji Joseph Farington, naye akayaandika katika shajara yake mwaka 1798, pamoja na ujira wa Turner, shilingi 3 na peni 6 kwa usiku mmoja.

Walichokinakili kwa wingi ni michoro ya John Robert Cozens, mwana wa yule Alexander niliyemtaja, aliyekuwa amesafiri Uswisi na Italia na kuichora milima ya huko kwa rangi za buluu na kijivu zenye huzuni ambayo haikuwahi kuonekana katika fani hii. Na John Robert mwenyewe wakati ule alikuwa mgonjwa wa akili chini ya uangalizi wa Dokta Monro huyo huyo, akafa mwaka 1797 bila kushika tena brashi ya maana. Basi fikiri, ewe msomaji, hali hiyo ilivyokuwa: ustadhi amenyamaza, hawezi kumfundisha mtu neno, na huku vijana wawili wanaketi usiku baada ya usiku wakiipitisha mikono yao pale pale ulipopita mkono wake, wakijifunza kwake jinsi ya kuufanya mlima urudi nyuma kwa utando mmoja mwembamba juu ya mwingine uliokwisha kukauka. Girtin alifariki mwaka 1802 akiwa na umri wa miaka 27. Turner aliishi hata mwaka 1851, akawa mchoraji mkubwa kuliko wote waliopata kuzaliwa Uingereza; lakini alianza kama wanavyoanza wanagenzi wote, kwa kunakili kazi ya mtu mwingine.

Nimelikazia jambo la kunakili kwa kuwa limepata jina baya bila ya haki. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 kila familia ya Kiingereza iliyojiona ya kiungwana ilitaka binti zake wajue kuchora kwa rangi za maji kama walivyojua kinanda na Kifaransa, na biashara kubwa ikazuka juu ya haja hiyo. Rudolph Ackermann, Mjerumani aliyekuwa na duka katika barabara ya Strand, London, aliuza rangi na karatasi, na fauka ya hayo aliazimisha michoro kwa malipo ili wanafunzi waichukue majumbani, wainakili na kuirudisha. Walimu wa mikoani waliagiza michoro kwa dazeni. Wakosoaji wa baadaye walicheka sana, wakasema kwamba mabinti wale walijifunza kuchora miti isiyoota popote, na pengine kweli wapo walimu waliofundisha mti mmoja kwa miaka ishirini. Walakini wakosoaji hao hawakuuliza swali lililo jepesi: mtu asiyewahi kuona jinsi majani yanavyoweza kusemwa kwa miguso mitatu ya brashi, atayasemaje? Katika kunakili mwanafunzi hupewa jibu kabla ya swali, ni kweli. Lakini akienda shambani akaliona swali, jibu analo tayari mkononi, naye aweza kulikubali au kulikataa.

Katika walimu wa biashara hiyo hakuna ninayemstahi kuliko David Cox. Alizaliwa karibu na Birmingham mwaka 1783, mwana wa mfua vyuma, akaja London mwaka 1804 kupaka mapazia ya michezo ya kuigiza. Walioandika habari za maisha yake wanasimulia kwamba siku za dhiki aliuza michoro yake kwa gini mbili kwa dazeni, inunuliwe na walimu wa mashambani wakawape wanafunzi wao. Na kwamba alipokwenda kujifunza kwa John Varley, akilipa kila somo, Varley alipoona ustadi wake alikataa kuendelea kupokea fedha, akamwambia aje atazame bure kila apendapo. Varley huyo alikuwa mtu mwenye mwili mkubwa, mpenda unajimu, mwingi wa ukarimu na mwingi wa madeni, na nyumba yake ilikuwa madrasa ya kweli: vijana kama John Linnell na William Mulready waliishi kwake, naye akiwatoa nje wakachore kando ya mto Thames, kila mmoja akitazama kwa macho yake. Sioni mwalimu mwingine wa Kiingereza aliyetoa wanafunzi wengi wenye sifa kama yeye.

Cox alianza kuchapisha kitabu chake cha mafunzo ya mandhari mwaka 1813, na ndani yake mtu anaweza kuuona utaratibu wa darasa ukiwa umekwisha kukamilika: kwanza mistari mitupu, kisha kivuli na mwanga kwa rangi moja, kisha rangi zenyewe, na mwisho hali za mbingu, mvua na machweo. Mwaka uliofuata alihamia Hereford, mji mdogo wa magharibi, akawa mwalimu katika shule ya wasichana kwa paundi 100 kwa mwaka, akifundisha mara mbili kwa wiki. Akakaa huko mpaka mwaka 1827. Wapo wanaoihesabu miaka hiyo kuwa ni ya kupotea. Mimi siafikiani nao hata kidogo, kwani mtu ambaye kila wiki alilazimika kueleza kwa maneno mepesi kwa nini mbingu huwa hafifu karibu na upeo wa macho, alikuwa akiichuja sanaa yake mwenyewe. Uzeeni, mwaka 1836, aliipata karatasi ya Uskoti iliyo nene na ya kukwaruza, yenye vipande vyeusi vya mabua, iliyofanyiwa kazi ya kufungia vitu madukani, akaipenda kuliko ile safi ya Whatman. Na inasimuliwa kwamba alipoulizwa afanyeje na madoa yanayotokea mbinguni, alijibu kuwa huyatia mabawa yakawa ndege. Hilo lingekuwa jibu la mtu ambaye amewafariji wanafunzi wengi juu ya madoa yao.

Juu ya heshima ya fani nitasema kwa ufupi. Chuo cha Kifalme kiliyapendelea mafuta, na michoro ya rangi za maji ilitundikwa mahali pasipoonekana vizuri. Kwa hiyo mwezi wa Novemba 1804 wachoraji waliochoka na hali hiyo waliunda chama chao wenyewe, na rais wao wa kwanza, William Sawrey Gilpin, alikuwa mwalimu wa kuchora. Maonyesho yao ya kwanza ya mwaka 1805 yalitazamwa na watu karibu 12,000 waliolipa kiingilio. Wanawake, waliokuwa ndio wengi miongoni mwa wanafunzi na waliolipa sehemu kubwa ya ujira ulioilisha fani nzima, walifungiwa nje ya heshima hizo kwa muda mrefu: shule za Chuo cha Kifalme hazikumpokea mwanamke hata mwaka 1860, na chama chenyewe cha rangi za maji hakikumpa mwanamke uanachama kamili mpaka mwaka 1890, alipochaguliwa Helen Allingham. Malkia Victoria mwenyewe alikuwa mwanafunzi mwenye bidii. Mwaka 1846 alifundishwa na Edward Lear, na tangu wakati huo akawa na mwalimu William Leighton Leitch, ambaye kama Cox alianzia katika kupaka mapazia ya michezo. Hata yeye alikuwa mwanafunzi kama binti yeyote wa Hereford, maana rangi haimjui malkia.

Aliyeutikisa utaratibu huu ni John Ruskin. Huyu alizaliwa mwaka 1819 katika nyumba ya mfanyabiashara tajiri wa mvinyo, akafundishwa na walimu wa kulipwa, mmojawapo akiwa Copley Fielding, aliyepitia mikono ya Varley. Lakini alikuja kuona kwamba mkono ulikuwa umefunzwa kabla ya jicho. Mwaka 1854 kilipofunguliwa Chuo cha Wafanyakazi katika mtaa wa Red Lion Square, London, alijitolea kufundisha pasipo malipo, na wanafunzi wake walikuwa maseremala, makarani na mafundi waliokuja jioni baada ya kazi. Aliwatundikia mpira mweupe wa ngozi kwa uzi, akawataka wasichore mstari wa mzingo wake kabisa, bali wachore kivuli tu, mpaka mviringo utokee wenyewe. Mwaka 1857 aliyakusanya mafunzo hayo katika kitabu cha barua tatu kwa wanagenzi, akisema wazi kwamba kwake yeye kuchora ni njia ya kujifunza kuona na kuupenda ulimwengu, si njia ya kupata picha za ukutani. Na hata hivyo, katika kitabu kile kile, mwanafunzi anatakiwa ajaze miraba kwa tando za rangi zilizo sawasawa. Na wanafunzi wake wawili walio bora, George Allen aliyekuwa seremala na William Ward aliyekuwa karani, walipata umahiri wao kwa kunakili kazi za Turner chini ya macho yake. Ruskin aliwashutumu walimu wa kale, kisha akajenga juu ya msingi wao.

Nasi wa Afrika Mashariki tumeguswa na historia hii kwa njia mbili zilizo mbalimbali. Ya kwanza ilipita na misafara. Mwaka 1860 maofisa wawili wa jeshi la India, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliondoka Unguja kuelekea maziwa makuu, Sidi Mubarak Bombay akiwa miongoni mwa wakuu wa msafara wao. Na Grant, aliyekuwa amepiga picha kwa kamera kisiwani Unguja, aliingia bara na rangi za maji. Alipolazwa na kidonda cha mguu huko Karagwe, katika himaya ya Rumanika, miezi mingi ilimpita mahali pamoja. Michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, na ndiyo iliyokuwa asili ya sehemu kubwa ya picha za kitabu cha Speke cha mwaka 1863. Ni michoro yenye uangalifu, na kwa baadhi ya mahali ndiyo ushahidi wa mapema wa macho tulio nao. Lakini hatuwezi kusahau kwamba jicho lililofunzwa kupeleleza nchi ya watu kwa ajili ya jeshi lilikuwa ndilo lile lile lililotufungulia mlango wa kutawaliwa.

Njia ya pili ilikuwa ya darasa lenyewe. Mwaka 1937 Margaret Trowell, Mwingereza aliyekuwa amesomeshwa ualimu London na Marion Richardson, alianza kufundisha uchoraji nyumbani kwake Kampala, kabla ya somo hilo kuingia rasmi katika Chuo cha Makerere. Mwalimu wake Richardson alikuwa mpinzani mkubwa wa kunakili. Alikuwa akiwasimulia wanafunzi mandhari kwa maneno, wakiwa wamefumba macho, kisha wakachora walichokiona nyoyoni, na Trowell akaileta kwetu itikadi hiyo. Ilizaa matunda ya kujivunia, na Sam Ntiro wa Uchaga, aliyesoma na kufundisha Makerere, ni shahidi wake. Ila kwa upande wa rangi za maji naona tulipata hasara fulani, kwa kuwa zile hatua za subira za Sandby na Cox, za karatasi na mteremko na kungoja utando ukauke, hazikupata kukita mizizi katika shule zetu, na hata leo mtoto wa shule aliyepewa sanduku la rangi huanza kwa kuchora bendera au nyumba, akaisugua karatasi mpaka ikachanika.

Liko jambo moja zaidi la kustahili kuandikwa. Mwaka 1888 wataalamu wawili, Russell na Abney, waliwasilisha taarifa kwa serikali ya Uingereza juu ya athari ya mwanga kwa rangi za maji, wakathibitisha kwamba nyingi katika zile zilizopendwa na mastadi wa kale hupauka zikiangaziwa kwa muda mrefu. Nili ilikuwa miongoni mwa zilizokosa uaminifu: ilichanganywa na nyekundu kupata kijivu cha mawingu, na buluu ilipotoweka mbingu zile zikabaki na wekundu ambao mchoraji hakuukusudia. Kwa hiyo picha nyingi za enzi ile sizo tena kama zilivyotoka mkononi, ilhali somo lililozizaa limehifadhika pasipo kupungua.

Namwomba basi kila mwenye nia ya kufungua darasa la namna hii katika miji yetu, awe Mombasa, Tanga au Bujumbura, kwamba asiipuuze njia ya walimu wale: anunue karatasi nzuri kabla ya rangi nyingi, maana rangi tatu zinatosha mwaka mzima, ampe mwanafunzi utando mmoja autandaze hata umridhishe, kisha mchoro wa stadi ainakili, kisha jiwe au chungu akitazame mwenyewe, na amlipe mwalimu wake ujira unaotosha kuishi, kwa sababu Varley, Cox na Leitch walikuwa watu wenye kodi za nyumba na watoto wa kulisha.